Masafa au Umbali? Istilahi na Urekebishaji wa Redio za Programu Kabalagala, Kampala

Katika Kiswahili, neno masafa hubeba maana mbili: umbali baina ya mahali na mahali, na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Utata huu una gharama. Fundi wa Kabalagala akiagizwa kuondoa “tofauti ya masafa” kati ya kisambazaji na kipokezi vya redio ya programu, anaweza kuvisogeza karibu. Ishara itaongezeka nguvu. Kosa litabaki palepale.

Chanzo huwa fuwele inayoongoza mitetemo. Ikikosea kwa sehemu 20 kwa milioni, kwenye MHz 433.92 ishara huhama takriban kHz 8.7, ingawa skrini zote mbili zinaonyesha namba ileile. Katika chaneli yenye upana wa kHz 12.5, kitovu chake kimekwisha kuvuka mpaka. Vifaa viachwe vipate joto, vilinganishwe na mawimbi ya mnara wa simu, ambayo hudhibitiwa vikali, kisha sahihisho liingizwe katika programu.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Miongozo ya ufundi itakayotungwa humo iseme umbali kwa nafasi, na masafa kwa mitetemo pekee. Istilahi marudio, ambayo baadhi yetu huipendelea, haisaidii: fundi hudhani ametakiwa kutuma tena.