Fahamu kazi ya mshauri mwelekezi katika miradi ya maji vijijini: Mpapura na ukanda wa pwani ya Mtwara

Wananchi wa Kata ya Mpapura, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, kama walivyo wakazi wa vijiji vingine vya mkoa huo, kwa kawaida huanza kuuona mradi wa maji siku mtambo wa kuchimba kisima unapowasili. Hata hivyo, mengi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya siku hiyo: mahali pa kuchimba, kina cha kisima, aina ya pampu, ukubwa wa tangi, vituo vya kuchotea maji na hata makadirio ya bei ya ndoo moja. Maamuzi hayo hutegemea kwa kiasi kikubwa taarifa ya mtu ambaye wanakijiji wengi hawamfahamu, naye ni mshauri mwelekezi.

Mshauri mwelekezi si mkandarasi. Mkandarasi hujenga kile kilichosanifiwa. Mshauri mwelekezi hufanya upembuzi yakinifu, huandaa usanifu wa kina na makadirio ya gharama, na mara nyingi huisimamia kazi ya mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi. Mipaka ya kazi yake huwekwa katika hadidu za rejea. Kama hadidu hizo hazikumtaka apime ubora wa maji wakati wa kiangazi, hatalipwa kwa kupima, na huenda asipime. Wahandisi washauri na kampuni zao husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na huduma zao katika taasisi za umma hupatikana kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma. Zipo pia kazi ambazo wahandisi wa Serikali huzisanifu wenyewe, hususan tangu kuanzishwa kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019.

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina historia ndefu ya ushauri wa aina hii. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na makazi yake ifikapo mwaka 1991. Ili kuutekeleza, mikoa iligawanywa kwa wahisani, na kila mhisani akagharamia mpango kabambe wa maji wa eneo lake. Denmark ilipewa Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden ikapewa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Finland ikapewa Mtwara na Lindi. Kampuni ya ushauri ya Finnwater ya Finland ndiyo iliyoandaa mpango kabambe wa mikoa hii miwili, uliokamilika mwaka 1977. Utekelezaji ulifuata kwa msaada wa nchi hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee wa Mtwara bado wanazikumbuka pampu za mkono za Nira zilizofungwa katika visima vifupi.

Kazi hiyo iliacha takwimu za vyanzo vya maji ambazo ni vigumu kuzipata kwa mikoa mingi ya wakati ule. Lakini iliacha pia swali ambalo usanifu pekee haukuweza kulijibu, yaani nani ataitengeneza pampu ikiharibika? Vipuri vilitoka mbali, dizeli ikapanda bei katika miaka ya shida ya mafuta, na maji yalitolewa bure. Mitambo mingi nchini ilisimama ilhali chini ya ardhi maji yalikuwapo. Ndiyo maana Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisisitiza kwamba jamii za vijijini zimiliki na kuendesha miradi yao, na zichangie gharama za uendeshaji na matengenezo.

Upande wa kitaalamu, pwani ya Mtwara inahitaji uangalifu wa pekee. Juu kwenye Nyanda za Makonde, mchanga wake hunyonya mvua upesi kiasi kwamba mito ni nadra, na maji ya Newala na Tandahimba husukumwa mamia ya mita kwenda juu kutoka chanzo cha Mitema bondeni. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea bahari, tatizo hubadilika na kuwa chumvi. Maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba pampu ikishusha kina cha maji kwa nusu mita tu, mpaka wa maji ya chumvi unaweza hatimaye kupanda kwa takriban mita 20. Kisima kilichotoa maji matamu mwaka wa kwanza kinaweza kuanza kutoa maji ya magadi miaka michache baadaye, na kukirejesha katika hali yake huchukua muda mrefu sana.

Kwa sababu hiyo, mshauri makini hatosheki na kupima ukinzani wa umeme ardhini ili kutafuta mahali pa kuchimba. Baada ya uchimbaji hutaka kisima kisukumwe mfululizo, mara nyingi kwa saa 24 au zaidi, huku kina cha maji na kiwango cha chumvi vikiandikwa, kisha aangalie maji yanarudi kwa kasi gani. Hapo ndipo hupendekeza kiasi cha kuvuta kwa saa. Msimu nao una uzito wake. Mvua za Mtwara ni za msimu mmoja, takriban kati ya Novemba na Mei, hivyo kipimo cha Aprili hakiwezi kusimama peke yake kama ushahidi wa hali ya Oktoba.

Uvunaji wa maji hayo husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake mjini Mtwara, ambayo ni miongoni mwa bodi za mabonde 9 ya Tanzania Bara. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya binadamu mbele, kisha ya mazingira, ndipo shughuli za kiuchumi. Kanuni hiyo inagusa pia wakazi wa mdomo wa Ruvuma, kwani mikoko na mazalia ya samaki katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hutegemea maji baridi yanayoshuka kutoka juu. Mto wenyewe ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hivyo mshauri anayependekeza kuchota maji mengi humo hana budi kuzingatia mahitaji ya nchi zote mbili.

Mwananchi hahitaji kuwa mhandisi ili kuifuatilia kazi hii. Taarifa ya upembuzi inapowasilishwa kijijini, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuuliza kisima kilisukumwa kwa saa ngapi, katika mwezi gani na kwa matokeo gani ya chumvi. Unaweza pia kuuliza idadi ya watu iliyotumika katika usanifu ni ya mwaka upi, vipuri vya pampu vinapatikana mji gani, na bei ya ndoo iliyopendekezwa inatosha kununua pampu mpya itakapochakaa. Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, ambacho ndicho kitakachobeba mradi baada ya makabidhiano, kinapaswa kupewa michoro na kumbukumbu za kisima. Kisipopewa, ofisi ya Meneja wa RUWASA wa wilaya ndiyo ya kuziomba.