Kitovu cha Gololi

Gololi za kioo ni mchezo wa watoto. Lakini huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wazitafutao kwa bidii, nao huzinunua kwa bei kubwa kama ni za kale. Zajulikanaje? Twatazama kitovu.

Katika mji wa Lauscha, Ujerumani, ambako kioo kimefanywa tangu 1597, mafundi wa miaka ya 1840 walipata mkasi wenye kikombe kidogo. Fundi alishika ufito wa kioo cha moto, wenye nyuzi za rangi ndani yake, akauzungusha kikombeni hata ncha ikawa duara, kisha akaikata. Hapo alipokata pakabaki kovu, mfano wa kitovu cha mtoto. Gololi za mashine, ambayo M. F. Christensen wa Akron, Marekani, aliipatia hati mwaka 1905, hazina kovu la kuparuza kama lile.

Lakini hata leo wako wafanyao kwa mkono, na gololi zao mpya zina kovu vilevile. Kwa hiyo twatazama na uso: iliyochezewa miaka mingi ina mikwaruzo, na alama ndogo mfano wa mwezi mwandamo.

Wengine huionea haya mikwaruzo hiyo, wakaisugua gololi mpaka ing'ae. Hasara kubwa! Uso wa kwanza umekwisha, pengine na kovu pia, na thamani imeshuka. Naye auzaye iliyosuguliwa, akanyamaza, amemdanganya mwenziwe. Mkirithi gololi, ziosheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mzifunge mojamoja katika kitambaa, mbali na watoto wachanga wawezao kuzimeza.