Je, Wajua Kwa Nini Meli Kubwa ya Kitalii Hubeba Mji Wake?

Ukisikia kwamba meli ya Icon of the Seas ina tani 248,663, usidhani kuna mtu aliyeiweka kwenye mizani. Tani hizo hazihusu uzito hata chembe. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, kuanzia ngama hadi sitaha ya juu, na namna ya kukipiga hesabu iliwekwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969. Zamani tani moja ya aina hiyo ilikuwa futi za ujazo 100, yaani kama mita za ujazo 2.8. Kanuni imebadilika, kinachopimwa ni kilekile. Anayejisifu kwamba alipanda meli ya tani laki mbili na nusu anasifia hewa.

Msafiri asilipuuze jambo hili, maana linamfunulia hesabu ambayo matangazo hayamwonyeshi. Icon imepangiwa abiria 5,610 ikiwa kila chumba kina watu wawili. Gawanya tani zake kwa hao, utapata tani 44 kwa kila mmoja. Sasa chukua Seabourn Spirit, meli iliyoundwa mwaka 1989 kwa ajili ya abiria 208, iliyokuwa na tani zisizofika 10,000. Gawanya nayo: tani 48. Meli iliyo ndogo mara 25 ilimpa abiria wake nafasi zaidi, japo kidogo. Na Icon ikijaa pomoni, watoto wakilala vyumba vya wazazi wao na idadi ikafika 7,600, kila mtu anabaki na tani 33 tu.

Basi huo ukubwa unanunua nini? Unanunua vile vitu visivyogawanyika. Mabwawa saba ya kuogelea, uwanja wa kuteleza juu ya barafu, mabomba makubwa ya kuporomokea majini, kumbi za maonyesho: hivi abiria 208 hawawezi kuvilipia hata wakichangishana mwaka mzima. Abiria 5,000 wanaviweza, kila wiki. Meli kubwa hubeba mji wake mwenyewe, na tutaona kwamba hata isingetaka, ingelazimika.

Utalii wa meli kama tunavyoujua leo ulizaliwa kwa sababu ya baridi. Albert Ballin wa kampuni ya meli ya HAPAG ya Hamburg aliona meli zake za kuvuka Atlantiki zikikosa abiria kila majira ya baridi. Januari 1891 akaituma Augusta Victoria kuzunguka Mediterania ikiwa na abiria 241 wasiokuwa na shughuli yoyote huko zaidi ya kutembea na kutazama. Watu wakapenda. Mwaka 1900 ikashushwa majini Prinzessin Victoria Luise, meli ya kwanza kuundwa mahsusi kwa matembezi. Ilikuwa na tani 4,409, na maisha yake yaliishia kwenye miamba ya Jamaica Desemba 1906. Titanic ya mwaka 1912, ambayo hadi leo watu huitaja kama kipimo cha ukubwa, ilikuwa na tani 46,328. Carnival Destiny ilivuka tani 100,000 mwaka 1996, ya kwanza kati ya meli za kitalii. Mwaka 2009 Oasis of the Seas ikapita 225,000, na Januari 2024 Icon ikaanza safari zake kutoka Miami.

Icon iliundwa Turku, Finland, katika kiwanda ambacho watu wa Meyer Werft ya Ujerumani walikinunua mwaka 2014. Jina hilo linapaswa kuwaamsha wasomaji wa Kigoma. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg ndicho kilichounda meli ya Graf Goetzen mwaka 1913, kikaifungua vipandevipande na kuipakia kwenye makasha yaliyoteremshwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Urefu wake ni mita 71. Icon ina mita 365.

Kwa nini zinazidi kukua? Sababu kubwa ni hesabu ya darasani. Ukiongeza mara mbili urefu, upana na kimo cha meli, nafasi ya ndani huongezeka mara nane, lakini ubavu unaosuguana na maji huongezeka mara nne tu. Msuguano huo hula mafuta mengi. Kwa hiyo gharama ya kumsukuma abiria mmoja hupungua kadiri meli inavyonenepa. Wafanyakazi nao ni vivyo hivyo: Icon ina kama 2,350, yaani mmoja kwa kila abiria wawili na zaidi kidogo, wakati meli ndogo za kifahari hukaribia mmoja kwa mmoja. Ndiyo maana tiketi ya meli kubwa mara nyingi huwa rahisi kuliko ya ndogo, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani bei hufuata ukubwa.

Tuje kwenye tumbo na kichefuchefu chake, maana wengi huulizia hilo kwanza. Bahari inapochafuka, wimbi linalopita kila baada ya sekunde 8 huwa na urefu wa kama mita 100 kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 10, mita 156. Meli yenye mita 134, kama ilivyokuwa Seabourn Spirit, inaingia humo humo: omo inapanda kilele huku tezi ikizama bondeni, kisha kinyume chake, usiku kucha. Meli ya mita 365 hukalia vilele viwili au vitatu kwa pamoja, na mwendo huo hufa kabla haujamfikia aliyelala. Kuyumba ubavu kwa ubavu hupunguzwa na mapezi yanayochomoza chini ya maji na kujigeuza kila wakati kulipinga wimbi. Hayo meli kubwa na ndogo zote huwa nayo, ila hufanya kazi vizuri meli ikiwa inakwenda. Ikisimama, kazi yake hupungua sana. Kwa mtu anayetapika hata kwenye boti ya Zanzibar wakati wa kusi, ushauri wangu hauna maelezo marefu: apande kubwa, achague chumba cha katikati, sitaha za chini.

Lakini upepo huidai meli kubwa deni lake. Ghorofa karibu 20 za meli kama Icon zinasimama juu ya mita tisa tu za mwili ulio majini, na ubavu wake huupokea upepo kana kwamba limetwekwa tanga lisiloweza kutuliwa. Nahodha wa meli ndogo anaweza kujipenyeza gatini siku ambayo mwenzake wa meli kubwa analazimika kuipita bandari na kuwatangazia abiria kwamba leo hawashuki.

Na kwa nini ghorofa hizo zisipinduke? Kwa sababu uzito wote wa maana uko chini: injini, mafuta, maji, na matangi ya farumi. Sehemu za juu huundwa kwa mabati mepesi, na upana wa karibu mita 48 huipa meli kitako. Kimo chenyewe ndicho kinacholeta visa. Mwishoni mwa Oktoba 2009 Oasis ilitoka Turku kwenda Marekani, na njia ya kutoka Bahari ya Baltiki ilipita chini ya daraja la Storebælt nchini Denmark. Daraja lina mita 65 kutoka majini. Meli ilikuwa na mita 72. Waundaji walilijua hilo tangu kwenye karatasi, wakaipa dohani zinazoshuka ndani kama zinavyoingizwa droo. Hata hivyo nafasi iliyobaki haikufika mita moja, hivyo nahodha akafanya jambo ambalo mtu wa nchi kavu angeliona wazimu: akaongeza kasi. Chombo kikubwa kinapokwenda mbio kwenye maji yenye kina kidogo, maji yanayokimbia chini ya mkuku hupunguza msukumo wa kukiinua, nacho huzama kidogo zaidi ya kawaida. Oasis ikajivuta chini kwa mwendo wake wenyewe, ikapita usiku huku watu wamejipanga ufukweni kutazama.

Milango ya namna hiyo iko mingi duniani, na siyo yote inayofunguka kwa kushusha dohani. Tangu Agosti 1, 2021 Italia imepiga marufuku meli za zaidi ya tani 25,000, au zinazozidi mita 180, kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko mjini Venice. Miaka miwili kabla ya hapo, meli ya MSC Opera ilikuwa imeshindwa kusimama ikagonga gati pamoja na boti ya watalii. Visiwa vya Galapagos havipokei meli yenye abiria zaidi ya 100. Antaktiki, meli inayobeba zaidi ya abiria 500 haimshushi hata mmoja. Zilizo ndogo zaidi hushusha watu wasiozidi 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapo hesabu ni rahisi: ukienda na abiria 100 unakanyaga barafu, ukienda na 3,000 unaiangalia kwenye dirisha la mgahawa.

Huku kwetu hakuna haja ya sheria, mahali pengine uhaba wa kina na nafasi unatosha kuzizuia. Mombasa na Dar es Salaam zina magati ya meli kubwa. Lamu na Kilwa Kisiwani, miji iliyofanya pwani hii ijulikane na iliyomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, haikujengwa kwa ajili ya chombo cha mita 300 wala kwa watu 5,000 kuteremka asubuhi moja. Chombo kidogo hutia nanga na kuwapeleka watu kwa boti. Kwa hiyo nasema inalazimika: meli isiyoweza kuingia katika miji ya wenzake haina budi kuja na wake.

Kutia nanga nako kuna adhabu yake. Machi 2024 abiria wanane wa Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezini kisiwani São Tomé. Meli ilikuwa bado inaonekana kwa macho. Walinzi wa pwani wakawasogeza kwa boti mpaka karibu, hawakupokewa. Wakaifukuzia kwa ndege hadi Gambia, nako meli ikashindwa kuingia kwa sababu ya hali ya hewa na maji kutokuwa ya kutosha. Ikabidi waitafute Dakar. Hiyo ni meli ya tani 92,000, ya wastani tu siku hizi.

Usalama? Wengi huamini kwamba wakiwa wachache wataokoka upesi. Explorer, meli ya mwaka 1969 iliyofungua njia ya safari ndogo za Antaktiki, ilitobolewa na barafu Novemba 2007, na watu wote 154 waliokolewa. Costa Concordia ilikuwa na watu 4,229 ilipogonga mwamba wa kisiwa cha Giglio Januari 2012, na 32 walikufa. Lakini sheria inaelekea upande mwingine. Meli ya abiria yenye mita 120 au zaidi, iliyoanza kuundwa tangu Julai 2010, lazima iweze kurudi bandarini kwa nguvu zake hata ikiungua au kuingia maji sehemu moja, na iwe na mahali salama pa kuwahifadhi watu wakati huo. Zilizo fupi zaidi huenda zisidaiwe hayo. Sababu iko wazi: kuwateremsha watu 8,000 kwenye boti katikati ya bahari ni jambo ambalo kila baharia anaomba asilione, kwa hiyo meli yenyewe inatakiwa iwe boti ya kwanza ya kuokolea. Sheria hiyo si hirizi, hata hivyo. Viking Sky, meli mpya ya mwaka 2017, ilizimika injini zote katika dhoruba ya Norwe Machi 2019 kwa kuwa mafuta ya kulainishia yalikuwa kidogo kwenye matangi na mawimbi yakayapeleka upande. Helikopta zikawanyanyua mamia, mmoja mmoja.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki hatari ilikuja kwa sura tofauti. Novemba 2005, Seabourn Spirit ile ile ilikuwa njiani kuja Mombasa ilipofuatwa na boti mbili za maharamia zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani ya Somalia. Walifyatua bunduki na makombora. Meli ikawapigia kifaa cha sauti kali inayoumiza masikio, ikageuza na kukimbia, ikaishia Ushelisheli. Mombasa iliwasubiri wageni wake bure, na kwa miaka kadhaa baadaye makampuni mengi yakaikwepa njia hii.

Mimi ningepanda ndogo, nikubali kuyumba na kulipa zaidi, kwa kuwa sioni maana ya kuvuka bahari ili kukaa kwenye bwawa. Mwenye watoto wadogo, au mzazi mzee anayehitaji hospitali ya ndani na lifti, achukue kubwa bila kuona haya. Vyovyote utakavyoamua, kabla ya kutoa hela usiulize kwanza kuhusu chakula. Muulize wakala katika kila bandari iliyoandikwa kwenye ratiba: meli inafunga gatini au inatia nanga nje, na boti ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi? Akishindwa kukujibu, tafuta wakala mwingine.