Athari za Mitandao ya Kijamii kwa Huduma za Afya na Uuguzi

Mitandao ya kijamii ni programu zinazowawezesha watu kupashana habari, picha na video kwa haraka kupitia simu au kompyuta. Mifano yake ni WhatsApp, Facebook na TikTok.

Faida

(i) Kueneza elimu ya afya. Machi 2020, UVIKO-19 ilipokuwa ikienea, Shirika la Afya Duniani lilianzisha huduma ya WhatsApp ya kuwapa watu taarifa sahihi kuhusu ugonjwa huo.

(ii) Kurahisisha kazi. Wauguzi hukumbushana zamu, na muuguzi wa zahanati ya kijijini huweza kuomba ushauri kwa wenzake walio mbali.

Hasara

(i) Kueneza uvumi. Mwaka 2020 nchini Iran zilienea habari kwamba pombe hukinga au kutibu UVIKO-19. Watu walikunywa pombe yenye methanoli, ambayo ni sumu. Mamia walikufa na wengine wakapofuka. Uvumi wa namna hii huaminika upesi kwa sababu aliyeutuma mara nyingi ni ndugu au rafiki. Hivyo muuguzi hana budi kumuuliza mgonjwa, bila kumkejeli, ametumia nini kabla ya kufika kituoni.

(ii) Kuvunja siri ya mgonjwa. Muuguzi akipiga picha wodini na kuituma kwenye kundi, hawezi tena kuizuia isisambae. Kutotaja jina hakutoshi: kidonda, shuka, kitanda au tarehe vyaweza kumtambulisha mgonjwa kwa majirani zake. Mtu akihofia kutangazwa, huficha ugonjwa kama kifua kikuu au UKIMWI, huchelewa kutibiwa, na huenda akawaambukiza wengine.

Udhibiti

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Zingatia

Usiishie kuorodhesha hoja. Eleza kila hoja inamwathirije mgonjwa, kisha toa mfano.

Hitimisho

Mitandao hufaa inapobeba elimu ya afya, na hudhuru inapobeba uvumi au siri ya mgonjwa. Kabla ya kutuma ujumbe, jiulize: Je, ni kweli? Je, ni wangu kuutoa?

Swali la mazoezi

"Kutolitaja jina la mgonjwa mtandaoni kunatosha kulinda siri yake." Jadili kauli hii kwa hoja nne.