Rangi ya Kuta na Mwanga wa Jua katika Ofisi ya Chama



Katika ukaguzi wa msimu mmoja uliopita nilikuta malalamiko katika chama cha msingi ambacho jina lake silitaji. Mwanachama alipeleka kilo 38 za korosho, akalipwa kilo 33. Kitabu cha stakabadhi kilipofunguliwa, nakala ya juu ilionyesha 38 dhahiri. Karani aliyeingiza hesabu katika leja kwa kufuata nakala ya tatu ya kaboni ndiye aliyesoma 33. Karani yule si mwizi. Nilikaa kitini pake saa kumi jioni, nami nikasoma 33. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo lililozibwa na mwembe, na kuta zake zilipakwa kijani iliyokolea. Mwanachama alipata haki yake, lakini kuta zilibaki vilevile.

Yafaa ieleweke kwamba ukuta ni sehemu ya taa. Mwanga uingiapo dirishani hugonga kuta ndipo umfikie mwandishi mezani. Ukuta mweupe wa chokaa safi hurudisha takriban sehemu nane kwa kumi za mwanga huo. Kijani au buluu iliyokolea hurudisha moja au mbili tu. Wengi hupenda rangi hizo kwa sababu hazionyeshi uchafu. Basi zipakwe chini tu, kimo cha magunia, na juu yake pawe peupe.

Pili, tutazame dirisha linaelekea wapi. Vitabu vya Ulaya husema chumba cha kaskazini hakipati jua. Tusivifuate, kwani sisi tu kusini mwa ikweta. Hapa Mahege jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba. Kisha huhamia kusini, ndio msimu wetu wa korosho. Hata hivyo adhuhuri jua huwa juu mno, na upenu wa bati hulizuia. Jua lisumbualo ni la mashariki asubuhi na la magharibi jioni.

Chumba cha mashariki hung'aa asubuhi na kufifia mchana. Rangi ya maziwa hukifaa. Cha magharibi hupata jua kali saa zile za kufunga hesabu, na rangi ya mafuta yenye kung'aa humrudishia karani miale machoni. Humo ipakwe rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyotiwa kijivu kidogo. Penye kivuli cha mwembe au mkorosho mwanga huingia ukiwa na ukijani wa majani. Rangi ya waridi hafifu sana huupunguza. (Kukata matawi mawili ni rahisi zaidi, ila mwenye mwembe aulizwe kwanza.)

Chumba cha kupangia madaraja kina sharti lake. Korosho njema ni ya kijivu, na iliyolowa mvua huwa na weusi na madoa. Kuta za buluu au kijani huipaka korosho rangi isiyo yake, ndipo mkulima na mpokeaji wanapobishana wote wakiwa wakweli. Humo pawe peupe patupu, na upangaji ufanywe karibu na mlango.

Kuhusu chokaa, kasoro yake ni kuacha vumbi kwenye nguo. Chumvi kidogo ndani ya ndoo huisaidia kushika. Lakini ukuta wenye unyevu, kama kuta nyingi zilizoingiwa maji katika mafuriko ya mwaka 2024 huku Rufiji na Kibiti, usipakwe rangi ya mafuta kabla haujakauka. Unyevu hunaswa ndani, na rangi hubanduka.

Kabla ya kununua ndoo nzima, pakeni ubao mmoja, muache ukauke, kwa kuwa chokaa mbichi huonekana hafifu na hung'aa ikikauka. Usimamisheni ukutani saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, karani akiwa mezani na nakala ya kaboni mbele yake. Bodi iingize gharama katika makisio mapema, kazi ikamilike Agosti au Septemba, kabla magunia hayajaanza kuingia.