Umeme Upitao Bila Kizuizi

Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama cha Sayansi, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akasema kwamba mtetemo wa atomu ndani ya metali waweza kuufanya umeme upite pasipo kizuizi chochote. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nilimwambia, "Kaa chini, bwana mdogo. Kitabu umekishika kichwa chini miguu juu." Chama kizima kilicheka, na tangu siku ile hakuja tena mkutanoni. Baadaye Mwalimu wetu wa Fizikia alinipa kitabu, akaniambia nikisome kabla sijamcheka mtu mwingine. Nimekisoma. Kwa kuwa kosa langu lilitendeka mbele ya watu, naona yanipasa kulisahihisha mbele ya watu.

Kwanza nieleze kwa nini nilicheka. Metali imejengwa kwa atomu zilizopangwa safu kwa safu kama miche katika shamba la mkonge. Kila atomu huachia elektroni moja au zaidi, nazo elektroni hizo, zenye chaji hasi, huenda huku na huko ndani ya metali. Atomu zilizoachia elektroni huitwa ioni, nazo zina chaji chanya. Ioni hazitulii, hutetemeka pale pale zilipo. Waya ukipata moto, mtetemo huzidi, na elektroni hupotoshwa njia mara kwa mara. Huko ndiko kuzuiwa kwa umeme tunakokuita ukinzani. Basi mimi nilijua kwamba mtetemo ni adui wa umeme, nikadhani habari imekwisha hapo.

Lakini mwaka 1911, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake waliipoza zebaki mpaka kipimo cha 4.2 cha Kelvin, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapo ukinzani ulitoweka ghafula. Kitu chenye tabia hiyo huitwa supakondakta. Miaka zaidi ya 40 ilipita kabla sababu yake haijaelezwa vizuri. Mwaka 1957 Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, waliieleza, na mwaka 1972 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Maelezo yao ni haya. Elektroni mbili zina chaji ya namna moja, kwa hiyo husukumana. Lakini elektroni ipitapo kati ya ioni, huzivuta kidogo zielekee kwake. Ioni ni nzito mno kuliko elektroni. Husogea polepole na kurudi polepole. Elektroni ya kwanza huwa imekwisha kwenda mbali, na pale ilipopita chaji chanya bado imekusanyika. Elektroni ya pili huvutwa na mkusanyiko huo. Sisi wa bweni twaweza kufahamu jambo hili kwa urahisi. Alfajiri tuendapo mtoni, atanguliaye huzilaza nyasi, na afuataye nyuma hupita njia ile ile, hata kama wawili hao wamegombana na hawasemezani. Hivyo ndivyo elektroni zinavyofungwa jozi jozi kwa njia ya mtetemo wa ioni.

Mfano wangu una kasoro, na sitaki kumdanganya mtu. Elektroni mbili za jozi hazifuatani. Moja huenda upande huu na nyingine upande wa pili. Tena jozi haikai peke yake: katika nafasi ya jozi moja zimo jozi nyingine nyingi sana, zote zimeingiliana. Lakini jambo la nyasi kuchelewa kuinuka ni kweli, na ndilo linalozifanya elektroni ziepukane na kusukumana kwao.

Sasa, kwa nini jozi hizi hazizuiwi? Kwa sababu zote huenda kwa mwendo mmoja, kama wanafunzi walioshikana mikono katika gwaride. Ili kumtoa mmoja katika mstari, sharti kwanza uivunje mikono iliyoshikana, na kuivunja kwahitaji nguvu ya kiasi fulani. Katika baridi kali mtetemo wa ioni hauna nguvu ya kutosha, kwa hiyo mstari huenda salama. Joto likizidi mpaka fulani, jozi zote huvunjika na ukinzani hurudi.

Msomaji aweza kuniuliza: twajuaje kwamba ni mtetemo kweli? Swali hili nalipenda kuliko yote. Atomu za elementi moja zaweza kuwa na uzito mbalimbali. Hizo huitwa isotopi. Tabia zao za kikemia ni zile zile, lakini iliyo nyepesi hutetemeka upesi zaidi. Mwaka 1950 wataalamu wa Marekani waliona kwamba zebaki nyepesi huwa supakondakta katika joto la juu kidogo kuliko zebaki nzito. Kama mtetemo haukuhusika, uzito ungeleta tofauti gani?

Ushahidi mwingine mzuri ulipatikana mwaka 2001. Kuna kampaundi ya magnesi na boroni, ambayo ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1950, na ikiuzwa katika vichupa kama kemikali nyingine. Hakuna aliyetangaza siri yake mpaka Jun Akimitsu na wenzake huko Japani walipoonyesha kwamba ni supakondakta chini ya kipimo cha 39 cha Kelvin. Ndani yake atomu za boroni zimepangwa kama sega la nyuki, tabaka juu ya tabaka, na magnesi imekaa katikati ya matabaka. Boroni ni nyepesi na imeungana kwa nguvu, kwa hiyo hutetemeka upesi sana, na elektroni zilizo katika viungo hivyo huathiriwa mno na mtetemo huo. Ilipotumiwa boroni yenye uzito wa 10 badala ya 11, kipimo kilipanda karibu nyuzi moja. Ilipobadilishwa magnesi, tofauti ilikuwa ndogo mno. Basi ilijulikana ni mtetemo wa nani ufanyao kazi.

Sizo supakondakta zote zinazoelezwa hivi. Ziko zenye shaba na oksijeni, zilizogunduliwa kuanzia mwaka 1986, ambazo maelezo haya hayazitoshi.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili. Shaba hupitisha umeme vizuri sana katika nyaya zetu, kwa kuwa elektroni zake haziathiriwi sana na mtetemo. Risasi huzuia umeme zaidi ya mara 10 kuliko shaba. Lakini ukizipoza, risasi huwa supakondakta katika kipimo cha 7.2, na shaba haijapata kuonekana ikiwa hivyo. Kile kinachoidhoofisha risasi katika joto ndicho kinachoipa uwezo katika baridi. Mimi nilijua nusu ya kwanza ya habari, nikamcheka aliyejua nusu ya pili.

Ndugu yangu wa Kidato cha Pili, ulisema kweli, nami nakuomba radhi. Mwalimu amekubali kwamba katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao wewe ndiwe utakayesema kwanza. Tafadhali njoo.