Je, Wajua? Tsunami na Ziwa Mweru

Je, wajua kuwa tsunami ni neno la Kijapani? Tsu ni bandari, nami ni wimbi. Balaa huanzia bahari kuu, lakini jina lake ni la bandarini.

Kwa nini? Waulize wavuvi. Usiku wa tarehe 15 Juni 1896, wavuvi wa Sanriku, kaskazini-mashariki mwa Japani, walikuwa baharini na hawakuhisi lolote. Waliporejea walikuta vijiji vyao vimezolewa. Waliokufa pwani nzima walifika 22,000 hivi. Kwenye kina kirefu wimbi hili huenda lisiinuke hata mita 1, ingawa hukimbia kilomita 700 na zaidi kwa saa. Likikaribia ufuko hupunguza mbio, ndipo linapopanda juu.

Je, wajua kuwa Wajapani walikwisha kuliandika neno hilo kuhusu maafa ya mwaka 1611? Wengi wetu tulilisikia tarehe 26 Desemba 2004, bahari ilipotikiswa huko Sumatra na mawimbi yakaua watu hadi Somalia, Kenya na Dar es Salaam.

Na Mununga, kando ya Ziwa Mweru, je? Tsunami ya baharini haifiki. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Lakini msicheke mapema: ziwa lenyewe limelala kwenye ufa wa ardhi, na tarehe 24 Februari 2017 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga karibu na Kaputa, si mbali na hapo.

Je, wajua kuwa mbio za tsunami hutegemea kina cha maji? Mweru hata penye kina kirefu kabisa ni mita 27 hivi, kwa hiyo wimbi la namna hiyo lisingezidi kilomita 60 kwa saa. Basi la Kashikishi, mji wa ufukweni mwa ziwa hilo, lingelipita, barabara ikiwa nzuri.

Upepo unaowasumbua wavuvi wa chisense, dagaa wa Mweru, hauhusiki. Upepo hutikisa maji ya juu. Tsunami husukuma maji yote, toka sakafuni.

Ndugu msomaji wa Nchelenge, huko huko Mweru, siku ukitembelea Mombasa au Dar es Salaam, ukaona bahari imerudi nyuma ghafla na samaki wanarukaruka mchangani, usiwaokote. Kimbilia mlimani.